Mkanda wa Nne

Kathonzweni,
9 Februari 1986

Mume wangu wa kwanza, Babu Kisilu,

Ninakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha nyumba yangu. Rudia kusoma hapo, Babu: nyumba yangu! Ni vyumba viwili vya mabati, lakini dirisha lina pazia la maua nililolishona mwenyewe, na jana nilipika muthokoi wa mahindi na maharagwe ambao haukuungua hata chini ya sufuria.

Nyanya yangu Susu hajambo? Mwambie goti lake naliombea. Mwambie pia kwamba jina alilonipa nalitunza vizuri. Hapa kila mtu ananiita Kalunde wa Mutie, na nikilisikia natamani kupita tena njia ile ile ili waniite mara ya pili. Je, ng'ombe mweusi amezaa? Huku ni vumbi mpaka ndani ya chai.

Sasa nikueleze habari za mume wangu wa pili. Usinune. Kabla ya harusi nilidhani mke wa fundi wa ndege ni mke wa mtu anayeshinda mawinguni. Kumbe Mutie hushinda chali chini ya ndege, miguu tu ndiyo inayoonekana. Hii ndege yetu ya misheni, inayompeleka muuguzi na dawa kule kusikofika gari, ikimaliza saa mia moja angani ni lazima ifunguliwe. Lazima, Babu, hata kama inaruka vizuri kama njiwa. Mutie hutoa plagi zote. Hupasua chujio la oili na kutafuta unga wa chuma ndani yake, kama Susu anavyotafuta mawe kwenye maharagwe. Huingiza tochi na kioo kidogo mahali ambapo jicho halifiki. Halafu huchukua kitambaa laini na kukipitisha polepole juu ya nyaya za usukani, kwa sababu uzi mmoja wa waya ukikatika, kitambaa hunasa. Hufanya hivyo amefumba macho! Nilipomwona mara ya kwanza nilisahau chai niliyokuwa nimempelekea, ikapoa mkononi mwangu.

Na vitu anavyovitoa! Kitabu kikisema kifaa kimemaliza siku zake, hukitoa hata kama kinang'aa, hukifunga lebo nyekundu na kukitia kwenye sanduku stooni. Sanduku zima la vitu vizuri, Babu. Nilikukumbuka palepale.

Nilikumbuka pia maneno yako siku ya harusi, uliposimama mbele ya mchungaji na wageni wote ukalikataa blanketi lako la mahari. Ulisema, "Mwizi wa mke hamtulizi mwenye mke kwa blanketi. Mimi nataka kitu cha ndege." Watu walicheka, na Susu akachukua blanketi. Basi pokea kitu cha ndege kwa mkono wa Mwalimu Musyoka. Ni mkanda wa kiti, wa kumfunga abiria. Kitambaa chake ni imara, na chuma chake cha kufungia kikiingia kinasema "kla!" mpaka unataka kukifungua ukifunge tena. Mutie amekutumia kwa moyo wake wote. Ile lebo nyekundu nimeitoa, ilikuwa inaharibu uzuri.

Wako uliyeibiwa,
Kalunde


Soko la Tulia,
3 Machi 1986

Mke wangu mdogo,

Barua yako imefika ikinukia sabuni. Musyoka alinikabidhi mbele ya wateja hapa kibandani kwangu, na wote wakaziacha baiskeli zao wakingoja niisome kwa sauti. Niliwasomea mpaka pale kwenye muthokoi. Kasyoka wa duka la chumvi anauliza kama sufuria unaiosha wewe au inaoshwa na fundi.

Susu yako hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, mdomo haumsumbui wakati wowote. Ng'ombe amezaa ndume. Mvua bado, ila mawingu yamekuja kututazama mara mbili na kurudi kwao.

Mkanda nimeupokea. Mwambie yule mwizi wako kwamba kwa mara ya kwanza namfikiria bila kukunja uso. Soko zima limeujaribu. Kila mtu amesema "kla" kwa mdomo wake na kwa mkanda. Nami nimeupatia kazi. Mizinga yangu kule mtoni imejaa asali, na unajua Susu yako anavyopiga kelele nikipanda mti kwa umri huu. Safari hii nitajifunga kwenye shina kama rubani kwenye kiti chake, niegemee nyuma, mikono yote miwili iwe huru kwa asali. Usimwambie.

Lakini mumeo ananitia wasiwasi. Nimetengeneza baiskeli miaka thelathini na minne. Breki ya Evanson mwinjilisti niliifunga waya mwaka wa uhuru, na mpaka leo anasimama pale anapotaka, au karibu na hapo. Kwangu kitu hakitolewi mpaka kivunjike, na kikivunjika kinakuwa kitu kingine. Sasa mtu anayetoa kitu kizima kwa sababu kitabu kimesema! Muulize leo, kabla hajashiba: hicho kitabu chake kinampa mke saa ngapi? Mia moja umeshazipita, nimepiga hesabu. Angalia usije ukaamka umefungwa lebo nyekundu.

Mimi nisiye na kitabu,
Kisilu


Kathonzweni,
17 Machi 1986

Babu wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe pole ng'ombe, atajaribu tena. Na umwambie Kasyoka kwamba sufuria inaoshwa na fundi, tena huitazama chini kwa tochi.

Swali lako nililiuliza. Mutie aliweka kijiko chini, akafikiri kama anavyofikiri injini ikipiga kelele asiyoijua, halafu akasema, "Nitaangalia." Mpaka leo hajaniambia kitu, na hii ni siku ya tano. Sina wasiwasi hata kidogo. Huwa namkumbusha kwa macho tu.

Sasa keti, Babu, kama umesimama. Mutie hakukutumia mkanda. Nilikutumia mimi, na sikumwuliza. Niliona sanduku la vitu vilivyotupwa, nikaona kitu kizuri, nikakukumbuka. Nilidhani nikisema ametuma yeye utampenda zaidi.

Jumatatu iliyopita Mutie alifungua sanduku na kuhesabu. Mikanda ilitoka minne, sasa iko mitatu. Ndipo nilipojua kwa nini ilitolewa. Kiwanda kule ng'ambo kimetoa amri, na serikali imeitia nguvu: mikanda yote ya aina ile iondolewe. Ndani ya kile chuma kuna jino linaloshika, nalo hulika kabla ya wakati wake. Mkanda unasema "kla" kama kawaida, lakini mtu akiuvuta kwa upande unaweza kumwachia. Babu, tafadhali usijifunge nao popote, hata suruali. Asali tutakula nyingine.

Na liko la pili. Tarehe 20 Mei atakuja mkaguzi wa serikali kutoka Nairobi. Ni lazima aione mikanda yote minne kwa namba zake, imekatwa vipande viwili kwa msumeno, asije mtu akairudisha kwenye ndege. Mmoja ukikosekana anaweza kuichukua leseni ya Mutie, na ndege ikae chini, na muuguzi ashike njia kwa miguu. Mutie alisoma miaka sita kwa ajili ya hiyo leseni. Huiweka ndani ya Biblia yake.

Sijamwambia. Ningeanzaje? Ananiona kama malaika aliyeletwa Kathonzweni na muthokoi mkononi. Nakuomba, mpe Mwalimu Musyoka mkanda, umefungwa kwenye gazeti, juu uandike jina langu wala si lake. Nitaurudisha sandukuni na hakuna atakayejua.

Mke wako mdogo mwenye hofu,
Kalunde


Kathonzweni,
14 Aprili 1986

Babu,

Pasaka imepita, mvua imefika, mahindi yameota mpaka kando ya uwanja wa ndege, na kwako hakuna hata mstari mmoja. Musyoka amekuja amerudi, mikono mitupu. Nilimwuliza kama amekuona, akasema kibanda kilikuwa kimefungwa. Tangu lini kibanda chako kikafungwa siku ya soko?

Mutie ameitoa stoo yote nje mara mbili na kuirudisha. Juzi alimwita mzee Ndululu, mlinzi wetu, akamwuliza kwa upole kama amemwona mtu akiingia humo. Ndululu amelinda hanga hii ya ndege miaka minane. Tangu siku hiyo hutusalimu kwa mbali, kofia mkononi.

Nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe cha chai, Babu. Sikusema neno.

Niandikie.

Kalunde


Tulia,
21 Aprili 1986

Mke wangu mdogo,

Salamu za mvua. Huku nako imenyesha, kunde zimeota, na yule ndume ameshajua kupiga teke ndoo. Mwandiko huu usikushangaze. Kalamu ni mbaya, na mkono umekuwa mvivu.

Mimi ni mzima kabisa. Nimekuwa kijana tena: makunyanzi yote ya uso yalitoweka kwa wakati mmoja, na waliokuja kuniona walisema nimenona mashavu. Kibanda nimekifunga kwa sababu mtu naye hupumzika. Asali haikuwa nyingi. Barua yako ya Machi ilinifikia siku nne baada ya ~~kuang~~ (hapo nimefuta, usijisumbue kusoma).

Mkanda upo. Umelala juu ya kabati.

Lakini kwenye gazeti siufungi. Nimefikiri sana, kwa sababu siku hizi nina nafasi ya kufikiri. Mimi ni mume wa kwanza, sawa, ila sitakuwa mahali pa mke kumfichia mume mwenzangu mambo. Wewe umeolewa miezi minne tu na tayari unatuma vifurushi vya siri! Mwambie Mutie. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo huo huo unaomsifu nao. Akishajua, na aje auchukue. Huyo Ndululu simjui, lakini ile kofia yake inaniuma kuliko mkono wangu, ambao hauna kitu.

Swali langu la saa limejibiwa?

Kisilu

*(Ndani ya bahasha hiyo hiyo, kwa penseli, kwenye karatasi ya sukari:)*

Kalunde, mimi ni Susu. Anayeandika ni Muthoki wa jirani, mimi ninasema. Babu yako alianguka kutoka mtini. Ule mkanda ulifunguka wenyewe. Mkono wa kulia umevunjika, umefungwa plasta, anakuandikia kwa kushoto. Nyuki walimuuma uso mzima, jicho moja halikufunguka siku tatu. Amesema nikikuambia atahamia kibandani. Na ahamie. Blanketi ni langu.


Kathonzweni,
28 Aprili 1986

Babu mwongo, Babu wangu,

Makunyanzi yametoweka! Umenona mashavu! Nilicheka kwanza, halafu nikaifungua karatasi ya sukari, nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu jipya. Ungekufa, na aliyekuua angekuwa mimi na zawadi yangu. Mkono unauma? Jicho linaona vizuri? Mwambie Susu asikuache uhame.

Nilikwenda hanga nimeshika barua zote mbili. Mutie alikuwa chini ya ndege. Niliiambia miguu yake, kwa sababu miguu ni rahisi kuliko uso. Niliieleza yote: sanduku, lebo, Musyoka, gazeti, kikombe cha chai. Miguu haikusogea. Kisha nikasikia sauti.

"Kuna mtu amejifunga nao?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, Babu. Hakuuliza kwa nini. Hakutaja leseni.

"Babu," nikasema.

Akatoka chini ya ndege, oili mpaka kwenye nyusi. "Ameumia?"

"Mkono. Na nyuki."

Alikaa juu ya sanduku la vyombo vyake. Kisha akasema, "Niliandika lebo kubwa kabisa."

"Niliitoa. Ilikuwa inaharibu uzuri."

Alinitazama namna ambayo hajawahi kunitazama, na sikuweza kujua ni namna gani. Akasimama. "Twende kwa Ndululu," akasema. "Utazungumza wewe."

Nilizungumza mimi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaivuta vizuri mbele, akasema, "Aiya! Na mimi wiki mbili nzima nawatega panya." Halafu akaniambia chai yake ya jioni hiyo iwe na maziwa. Nilimpelekea birika zima.

Tangu hapo Mutie anakula, anasali, anasema asante. Basi. Lile swali la saa hajalijibu, na sasa naogopa jibu lake. Atakuja kwenu Jumamosi. Niliomba tuje wote, akasema, "Hapana, hii ni ya wanaume wako wawili." Nilijaribu kusikia kama alikuwa anatania. Babu, ukimwona, mtazame vizuri halafu uniambie.

Kalunde


Tulia,
12 Mei 1986

Mke wangu mdogo,

Susu yako anakusalimu, na anatembea mjini akiwa ameinua kichwa tangu Muthoki aanze kumwandikia barua. Plasta itatoka mwezi ujao. Bado ni mkono wa kushoto, kwa hiyo sitaandika sana, ingawa nina mengi.

Mwizi wako alikuja. Nilitarajia hasira, hata nilikuwa nimejiandalia majibu mawili mazuri. Hakuyapa nafasi. Alisalimu, akanywa chai, akatazama plasta yangu mbele na nyuma, kisha akatoa daftari.

"Babu, uliegemea upande gani?"

"Upande wa asali."

Akaandika: kushoto.

"Ulikuwa umeufunga na kuufungua mara ngapi kabla ya hapo?"

"Mimi au soko zima?"

Akaandika hilo pia, sijui aliliandikaje. Halafu akataka kuuona mti. Tulikwenda polepole, akatoa kamba yake ya kupimia. Ni futi tisa, Kalunde. Soko lote nilikuwa nimeliambia ishirini, na Kasyoka alikuwa amefuatana nasi.

Tuliporudi aliniwekea kile chuma chini ya lenzi. Nililiona jino lenyewe. Kona yake imelika, kidogo tu, kama ncha ya ukucha wa mtoto mchanga. Miaka thelathini na minne nimeshika vyuma kwa mikono hii, na ningeapa kanisani kwamba kile ni kizima. Nilikifunga tena mbele yake, kikasema "kla" vile vile, na mara hii sauti ile iliniogopesha.

Hakuniita mzembe. Heri angeniita. Badala yake alizunguka kibanda changu akitazama, mikono nyuma, mpaka kwenye baiskeli ya Evanson iliyokuwa imeegemea nguzo. Alitoa kile kitambaa chako unachokisifu, akakipitisha kwenye waya wa breki. Kilinasa mara nne. Evanson akauliza, "Kuna nini hapo?" Nikasema ni vumbi. Mutie alikunja kitambaa akakirudisha mfukoni. Evanson akapanda baiskeli yake akateremka kwenda zake, na mimi nikamtazama mpaka mwisho wa mteremko. Jumatatu iliyofuata nilimwita, nikamwelekeza mkewe Mbula akaingiza waya mpya, maana mimi nina mkono mmoja tu. Ule wa zamani bado ulikuwa unasimamisha, nakuambia.

Uliniambia nimtazame. Nimemtazama. Jioni alipokuwa anachota maji ya Susu aliniuliza, "Babu, alipokuwa mdogo alikuwa hivi hivi?" Nikamwambia ulipokuwa na miaka saba ulimpa mpita njia pampu yangu, kwa sababu uso wake ulionekana umechoka. Alicheka mpaka maji yakamwagika. Mtu anayetaka kurudisha mke hachekei habari zake namna hiyo. Leseni sijui. Wewe umebaki.

Alipoondoka na mkanda alisema, "Mume mwenzangu, huu naurudisha. Wewe utapata kitu kingine."

Kisilu wa futi tisa


Kathonzweni,
23 Mei 1986

Mume wangu wa kwanza,

Natumaini mkono unaendelea na Susu hajaanza kudai mshahara wa barua. Nimeshika kalamu mara tatu, kila mara nacheka peke yangu.

Mkaguzi alikuja Jumanne. Ni mwembamba, ana miwani, hakunywa chai. Mutie aliipanga mikanda minne mezani. Mitatu imekatwa, mmoja mzima, una nta na maganda ya mti wako. Kando yake aliweka kurasa mbili alizoziandika mwenyewe, kila kitu ndani, hata jina langu. Angeweza kuukata usiku ule ule aliorudi kutoka kwenu, akauweka pamoja na mingine, na mkaguzi asingejua lolote. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mimi ningejua."

Mkaguzi alisoma. Akavua miwani.

"Mtini?"

"Mtini, bwana," Mutie akasema.

"Futi tisa?"

"Nilipima."

"Na nyuki."

"Hao sikuweza kuwapima."

Kisha akaniita mimi. Nikasogea mezani. "Nani aliitoa lebo?" Nikasema ni mimi. "Kwa nini?" Nikaona uongo mwingine utanichosha, nikamwambia: ilikuwa inaharibu uzuri. Aliandika jambo refu sana.

Nikupe hukumu. Leseni imebaki! Ila ameonywa kwa maandishi, na onyo litakaa kwenye faili lake, na kwa miezi mitatu kila kazi yake lazima itiwe sahihi na fundi mwingine atakayetoka Nairobi. Jambo hilo limemuuma, na nimeona linamuuma, na hakulisema. Stoo imewekwa kufuli la funguo mbili, mmoja wa Mutie na mmoja wa Ndululu. Na karatasi za mti wako zitapelekwa ng'ambo kwenye kiwanda, kwa sababu mkaguzi alisema mikanda ile wanaijaribu kwa mashine, na hii ni mara ya kwanza kupata habari za mtu. Kesho yake muuguzi alipaa asubuhi. Nilisimama uwanjani nikapunga mkono mpaka ndege ikawa kama mbegu.

Sasa lile lingine. Jana alasiri Mutie alikuwa ananawa mikono kwa petroli, mimi nikikoroga chakula, akasema bila kunigeukia, "Lile swali lako."

"Lipi?" nikasema, kana kwamba nimelisahau.

"Nimeangalia kitabuni. Kuna vifaa vya namna mbili. Kuna vya tarehe: siku yao ikifika vinatoka, viwe vizuri, viwe vibaya. Na kuna ambavyo kitabu hakivipangii mwisho. Hivyo hukaa ndani ya ndege maisha yake yote, mradi fundi asiache kuvitazama."

"Huvitazama kila baada ya saa ngapi?"

"Kitabu kinasema mia," akasema, akageuka. "Lakini mimi ni mwangalifu."

Babu, muthokoi umeungua wote!

Kalunde wa Mutie


Tulia,
9 Juni 1986

Mke wangu mdogo,

Plasta imetoka, na huu ni mkono wa kulia, utaona herufi zimerudi kwenye mstari. Susu hajambo, ng'ombe hajambo. Kasyoka anasema muthokoi ulioungua ni habari njema kuliko ule wa kwanza, nami sikumwuliza anajuaje.

Kifurushi cha mwizi kimefika. Nilidhani ni blanketi. Kumbe ni kioo kidogo chenye mpini, kitambaa laini, na lebo nyekundu hamsini zenye kamba. Nimezitumia tisa tayari hapa kibandani, na wateja wananinung'unikia kwamba baiskeli zao zilikuwa nzima mpaka nilipozitazama. Wawili wamekwenda kwa fundi wa upande wa pili wa soko. Nimewaacha waende, ila lebo nimewafungia vizuri.

Lakini ya kwanza kabisa sikuitumia mimi. Susu yako aliichukua, akamwita Muthoki aandike, na Jumapili akanifunga kwenye tundu la kifungo cha koti kabla hatujatoka kwenda kanisani. Imeandikwa: HAPANDI MITI TENA. Nilitaka kuitoa mlangoni. Nikakumbuka mwisho wa mtu aliyetoa lebo kwa sababu inaharibu uzuri, nikaiacha.

Basi ndivyo nilivyo, mke wangu. Nimeondolewa kazini nikiwa bado nang'aa.

Kisilu